Filamu niliyoinunua imetoweka: nimeibiwa, au ni hitilafu?

Swali

Nina filamu nilizozinunua mtandaoni miaka kadhaa iliyopita. Nasema nilizinunua, sikuzikodi. Sasa moja siioni tena nikifungua maktaba yangu kwenye runinga, ingawa kwenye tableti ya zamani nilikoipakua bado inacheza. Nyingine nikiicheza kwenye kompyuta iliyounganishwa na projekta nasikia sauti tu, picha hakuna, nyeusi tii. Juu ya hayo, tangu programu yenyewe ijisasishe, kila mara inanitoa na kunidai nywila. Nimewaandikia huduma kwa wateja, na jibu lao ni hili: futa programu, rudisha vifaa vyote katika hali ya kiwandani, kisha anza upya. Je, nimeibiwa au ni hitilafu tu? Na nifanye walivyoniambia?

Mnunuzi aliyechoka

Jibu

Usifute chochote kwa sasa, na hiyo tableti usiirudishe katika hali ya kiwandani kwa namna yoyote ile. Nakala iliyomo humo huenda ndiyo pekee uliyobaki nayo. Ushauri uliopewa hupewa kila anayelalamika, awe na tatizo gani. Kwa hitilafu ndogondogo unasaidia, lakini kwako unaweza kufuta kitu ambacho duka halina tena uwezo wa kukurudishia. Una matatizo matatu, na hayatoki sehemu moja.

Nianze na hilo la wizi, maana ndilo linalokuuma. Ulipobonyeza kitufe cha Nunua hukuuziwa filamu. Ulipewa leseni, yaani ruhusa ya kuitazama filamu hiyo kwa akaunti hiyo, kwenye vifaa wanavyovikubali, kwa masharti ambayo duka linaweza kuyabadilisha. Na duka lenyewe si mwenye mali. Nalo lina mkataba na mwenye hakimiliki, na mkataba huo una mwisho wake. Wewe ni mpangaji wa mpangaji. Yule wa kwanza akitolewa, wewe huna pa kushika, hata kama ulilipa kodi yote siku ya kwanza.

Hili limekwisha kutokea hadharani. Mwaka 2022 Sony iliwatangazia wateja wa PlayStation nchini Ujerumani na Austria kwamba kuanzia tarehe 31 Agosti filamu za Studio Canal walizokwisha kuzinunua zingeondolewa kwenye maktaba zao. Mwishoni mwa 2023 ikatoa tangazo la aina hiyohiyo kuhusu vipindi vya Discovery. Safari hii kelele zilipigwa hasa, makubaliano mapya yakapatikana kabla ya mwaka kwisha, na vipindi vikabaki kwa angalau miezi 30 zaidi. Yaani hata pale wateja waliposhinda, ushindi wao ulipewa tarehe ya mwisho. Linganisha na Microsoft: ilipofunga duka lake la vitabu vya kielektroniki mwaka 2019, vitabu viliacha kufunguka, lakini wanunuzi walirudishiwa fedha zao. Google nayo ilipozima huduma ya michezo ya Stadia tarehe 18 Januari 2023 ilirudisha fedha za michezo iliyouzwa dukani mwake. Leseni ni ileile. Tofauti ni jinsi kampuni ilivyoamua kumtendea aliyelipa.

Kwa hiyo kisheria, katika nchi nyingi, hujaibiwa. Kiungwana ni jambo jingine, na wapo watunga sheria walioliona. Jimbo la California lilipitisha sheria iitwayo AB 2426, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2025, inayokataza duka kutumia maneno ya kununua kwa bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Haimgusi muuzaji anayekupa faili unaloweza kulipakua na kubaki nalo daima bila kuhitaji intaneti. Ni hatua nzuri, ila inaweka tangazo kwenye mlango wa duka tu. Haimzuii yeyote kuiondoa filamu yako kesho.

Baada ya kusema hayo yote, bado sijakubali kwamba filamu yako imeondolewa. Filamu nyingi zinazodaiwa kutoweka hazijaenda popote. Mwenye nazo ndiye aliyeingia kwa akaunti nyingine. Ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Siku ile runinga inawashwa mara ya kwanza inakudai akaunti, mtu wa nyumbani anaandika barua pepe yake ya siku hizi, ilhali filamu ilinunuliwa kwa ile ya zamani. Maktaba inafunguka, ina filamu mbili tatu ulizonunua karibuni, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Tafuta risiti ya ununuzi kwenye barua pepe zako zote, hata zile ulizoziacha. Anwani iliyopokea risiti ndiyo akaunti yenye leseni. Kisha ifungue tableti, nenda kwenye mipangilio ya programu, usome imeingia kwa jina gani. Lifananishe na la runinga, herufi kwa herufi.

Zikiwa sawa, angalia nchi ya akaunti. Haki za filamu huuzwa nchi kwa nchi, na akaunti nyingi huhesabiwa kuwa za nchi ilikotolewa kadi ya malipo. Ukihama, au ukibadilisha kadi tu, unaweza kujikuta kwenye rafu za duka jingine ambako filamu ile haijapata kuuzwa. Angalia pia kama uliwahi kuificha kwa bahati mbaya, maana maduka kadhaa yana kitufe cha kuficha ulichonunua, na kama haikununuliwa na ndugu uliyekuwa naye kwenye kundi la familia ambaye ameshatoka. Mwisho itafute dukani kwa jina. Usishangae ukiikuta inauzwa! Filamu ikihama kutoka kwa msambazaji mmoja kwenda kwa mwingine, huweza kuingizwa upya dukani kama bidhaa mpya, na leseni yako ikabaki imeshikamana na ile ya zamani isiyouzwa tena. Hapo una hoja nzito ya kudai, na nitaieleza mbele.

Sasa tableti. Kilichomo ni faili lililosimbwa, yaani lililofungwa lisisomeke, pamoja na ufunguo uliotolewa kwa ajili ya kifaa hicho tu. Kulinakili faili kwenye kompyuta hakukusaidii kitu, litafika huko bila ufunguo. Ukitoka kwenye akaunti, ufunguo unafutwa. Ukiifuta programu, vyote viwili vinakwenda. Ukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani, ndiyo basi tena, na ukienda kupakua upya utalikuta duka lisilo na cha kukupa. Kwa hiyo zima kujisasisha kwa programu. Zima na ule mpangilio unaoondoa programu zisizotumika ili kuokoa nafasi, kwa sababu tableti ya zamani hujaa haraka na huo ndio hufanya kazi usiku mwenyewe ukiwa umelala.

Kama uiache na intaneti au uikate, inategemea. Mwezi Julai 2009 Amazon ilifuta kutoka mbali, ndani ya vifaa vya wateja vya kusomea vitabu viitwavyo Kindle, nakala za riwaya mbili zilizokuwa zimeuzwa na mtu asiye na haki ya kuziuza. Fedha zilirudishwa, na Jeff Bezos mwenyewe, mkuu wa Amazon wakati huo, akaomba radhi, lakini tangu siku ile kila mtu alijua kwamba duka lina mkono unaofika mpaka ndani ya kifaa chako. Kwa upande mwingine, kuna mifumo inayotaka kuulizwa upya kila baada ya siku kadhaa, na ukikaa bila intaneti mno kibali kinalala. Fungua sehemu ya vipakuliwa, ibonyeze filamu bila kuicheza, utazame kama pameandikwa tarehe ya kwisha. Kama haipo, kata intaneti na uiache hivyo. Kama ipo, usiikate.

Na upige ushahidi. Ukijaribu kuipiga picha skrini ya tableti kwa kutumia tableti yenyewe wakati filamu inacheza, huenda utapata mstatili mweusi, kwa kuwa ulinzi unazuia hilo pia. Chukua simu nyingine, ipige picha tableti ikiwa inacheza filamu, kisha ukurasa wa vipakuliwa unaoonyesha jina la filamu na jina la akaunti.

Kabla ya kugusa projekta, nikupe maswali mawili ambayo ningependa kila mtu wa huduma kwa wateja ayaulize kabla hajatamka neno futa. La kwanza: filamu hiyohiyo, kwa akaunti hiyohiyo, inacheza kwenye kifaa kingine? La pili: filamu nyingine inacheza kwenye kifaa hichohicho? Filamu moja ikigoma kila mahali, kosa liko kwenye leseni au akaunti, na kufuta programu ni kujichosha bure. Filamu zote zikigoma kwenye kifaa kimoja tu, mtafute mchawi ndani ya kifaa hicho au kwenye nyaya zake. Kila kitu kikigoma kila mahali, ama intaneti yako ama huduma yenyewe imeanguka. Zima programu za kuficha anwani ya mtandao kama unazitumia, subiri, usiguse kingine. Inabaki filamu moja inayogoma kwenye kifaa kimoja. Hapo pekee ndipo kufuta kunapofaa, na hata hapo unafuta kile kipakuliwa kimoja, si programu nzima.

Filamu yako ya projekta ina sauti, maana yake leseni imekubaliwa. Akaunti haina tatizo. Kilichokataa kiko baada ya hapo, na ili ukione inabidi nikuonyeshe kinachopita katika zile sekunde chache kati ya kubonyeza na picha kutokea.

Programu inatuma ombi kwa seva ya leseni: mimi ni akaunti fulani, niko kwenye kifaa fulani, chenye kiwango fulani cha ulinzi, nataka kuonyesha filamu fulani. Seva ikiridhika inatuma ufunguo. Ufunguo haupewi programu mkononi, unapelekwa kwa mlinzi aliyemo ndani ya kifaa. Kwenye Android na vivinjari vingi mlinzi huyo ni Widevine ya Google, kwa Apple ni FairPlay, kwa Windows mara nyingi ni PlayReady. Widevine ina madaraja. Kifaa cha daraja la L1 hufungulia picha ndani ya sehemu ya siri ya prosesa, mahali ambapo hata mfumo endeshi hauchungulii. Cha L3 hufanya kazi hiyo kwa programu ya kawaida tu, na huduma nyingi zikikiona hukipa picha hafifu hata kama umelipia 4K, yaani picha kali kuliko HD ya kawaida. Ndiyo maana filamu ileile, kwa intaneti ileile, inang'aa kwenye simu na kuwa na ukungu kwenye kivinjari cha kompyuta. Watu hulaumu intaneti yao bure.

Picha ikishafunguliwa inatakiwa kutoka kwa kebo. Hapo kuna mlinzi wa pili, HDCP. Kompyuta inaiuliza projekta: wewe ni skrini inayoaminika, au ni mashine ya kunakili? Zinabadilishana funguo, na kwa picha ya 4K kwa kawaida hutakiwa HDCP toleo la 2.2. Kila kilichopo katikati nacho lazima kijibu: adapta, kigawanyaji cha HDMI, redio ya sauti za sinema. Kimoja kikinyamaza, picha inashushwa ubora au inazimwa kabisa. Sauti haibanwi kwa ukali huo, au inatoka kwa spika za kompyuta bila kupita kwenye kebo ile, ndiyo maana wewe unaisikia.

Chomoa kila kilicho katikati, unganisha kompyuta na projekta moja kwa moja kwa HDMI. Kama unapitia tundu la VGA, lile la zamani lenye pini nyingi, utafutaji umekwisha, kwa sababu VGA haina HDCP na haitakuwa nayo kamwe. Acha kuonyesha picha moja kwenye skrini mbili kwa pamoja. Chagua projekta peke yake. Funga programu zote za kurekodi skrini na za kuongoza kompyuta kutoka mbali, hata ile ya mikutano uliyoisahau nyuma, maana ulinzi huziona kama wezi. Washa projekta kwanza, kompyuta baadaye, kwa kuwa salamu hizo hufanyika wakati wa kuunganishwa, na kifaa kilichochelewa kuamka huwa hakisalimiwi tena. Bado nyeusi? Cheza video uliyoipiga mwenyewe kwa simu. Ikionekana vizuri na filamu ikakataa, ni HDCP, basi. Ichague filamu katika ubora wa HD badala ya 4K. Projekta nyingi za zamani kidogo zinaimudu HD bila shida, na kwa ukuta wa nyumbani hutaiona tofauti kubwa.

Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu ya kuudhi kuliko zote katika biashara hii. Ulinzi huu haumsumbui mtu aliyepakua nakala ya wizi, yeye hana seva ya kumuuliza wala projekta ya kuhojiwa. Anayehojiwa kila jioni ni yule aliyelipa.

Programu inayokutoa kila mara ni jambo dogo zaidi. Ukishaingia, programu hupewa tokeni, yaani alama ya kuonyesha kwamba umeshatambuliwa, na huihifadhi. Inapokutoa maana yake imeshindwa kuihifadhi, au seva imeikataa. Hifadhi iliyojaa ni sababu ya kwanza ya kuangalia. Ya pili ni idadi ya vifaa: huduma nyingi zina kikomo, na ukikipita, kila unapoingia kwenye kimoja unakitoa kingine, kisha mnafukuzana nyumba nzima. Nenda kwenye ukurasa wa akaunti yako, uondoe runinga na simu ulizokwisha kuziuza au kuzigawa. Ila iache tableti! Soma majina ya vifaa vizuri kabla hujabonyeza Ondoa, na usikubali kitufe kile cha kuviondoa vyote kwa pamoja.

Ya tatu ni saa. Kifaa kikiwa na tarehe isiyo sahihi, hukataa vyeti vya usalama vya seva, yaani vitambulisho vyake vya kidijitali, au hukataliwa chake, kwa kuwa kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Weka tarehe na saa zijipange zenyewe kwa mtandao. Kuna wakati saa iko sawa na cheti chenyewe ndicho kilichokwisha. Tarehe 30 Septemba 2021 kilikwisha cheti cha msingi kilichokuwa kikitegemewa na tovuti nyingi mno, na vifaa vya zamani visivyopata masasisho vikashindwa kuzifungua ghafla, bila mwenye navyo kugusa kitu. Machi 2025 ikawa zamu ya Chromecast za kizazi cha pili, vile vifaa vidogo vya Google vya kuchomeka kwenye runinga: cheti kilichokuwa ndani yake kilikwisha muda, zikaacha kufanya kazi siku moja. Google iliwaomba wateja wasizirudishe katika hali ya kiwandani wakati marekebisho yakiandaliwa. Waliokuwa wamekwisha kufanya hivyo, kwa kuwa ndivyo tulivyozoeshwa wote, walijitengenezea kazi ya ziada ya kuziunganisha tena.

Kufuta programu na kuiweka upya kunafanya jambo moja la maana: kunaondoa data mbovu iliyohifadhiwa na kukupa toleo jipya. Hitilafu ikiwa hapo, itapona. Ikiwa kwenye leseni, kebo, cheti au seva yao, haitapona hata ukiifuta mara mia. Kwa runinga, ambako hujapakua kitu, futa na uweke upya bila wasiwasi ukishahakikisha unaikumbuka nywila. Na kama runinga ni ya zamani, uliza kwanza kama programu hiyo bado inaungwa mkono humo. Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za Samsung za mwaka 2010 na 2011 kuanzia tarehe 1 Desemba 2019, ilhali skrini zenyewe zilikuwa nzima. Katika hali hiyo usinunue runinga mpya. Kijiti cha kuchomeka kwenye HDMI kinatosha.

Hukuniuliza kama uendelee kununua, lakini najua utaniuliza. Filamu ya kutazama mara moja, ikodi; ukodishaji wa kawaida hukupa siku 30 za kuianza na saa 48 za kuimaliza, na haukudanganyi kuhusu unachopata. Unayotaka kuwa nayo uzeeni, tafuta diski. DVD haiulizi seva yoyote. Diski ya Ultra HD Blu-ray hupitisha hadi megabiti 128 kwa sekunde, wakati huduma za kutiririsha 4K kwa kawaida hutaka intaneti ya megabiti 15 hadi 25 tu, na jicho hulitambua hilo kwenye matukio ya giza na moshi. Lakini inunulie na mashine yake. Kuzicheza diski hizo kwenye kompyuta kulitegemea sehemu ya ulinzi iitwayo SGX, na Intel iliiondoa kwenye prosesa za Core kuanzia kizazi cha 11, kwa hiyo aliyenunua kompyuta mpya zaidi alijikuta na diski halali isiyofunguka. Leseni ya mtandaoni inunue ikiwa bei yake unaiona kuwa sawa kwa kukodi muda mrefu. Usiihesabu kama urithi pia: Apple, kwa mfano, inakuruhusu kumteua mtu wa kupokea data zako ukifariki, lakini filamu, muziki na vitabu vyenye leseni havimo katika atakavyopokea.

Kuhusu programu za kuvunja ulinzi ili ubaki na nakala: Marekani imezikataza tangu sheria yake ya 1998, na Umoja wa Ulaya una maelekezo yake ya 2001, hata kwa mtu aliyelipia alichokifungua. Sikuelekezi huko, na nyingi zinazogawiwa bure zina virusi ndani.

Sasa malalamiko yako. Uliandika, nadhani, matatizo yote matatu kwenye ujumbe mmoja, na ndiyo maana ulijibiwa kwa jibu la jumla. Andika upya kuhusu filamu iliyotoweka peke yake. Weka namba ya oda, tarehe ya kununua, barua pepe ya akaunti, picha ulizopiga, kisha uwaulize swali linalojibika kwa ndiyo au hapana: "Je, leseni ya filamu hii bado ipo kwenye akaunti yangu? Kama ipo, naomba mnieleze kwa nini haionekani. Kama haipo, iliondolewa lini, na mnanirudishia nini?" Kama umeikuta inauzwa upya chini ya msambazaji mwingine, ambatisha na picha ya ukurasa huo na uombe uhamishiwe leseni mpya bila malipo. Ombi hilo ni jepesi kwao kulikubali kuliko kutoa fedha. Wakikupiga danadana kwenye gumzo, hamia barua pepe, ili kila wanachosema kibaki kimeandikwa.

Kama uko Ulaya una nguvu zaidi. Uingereza ina sheria ya haki za mtumiaji ya 2015 inayotaka bidhaa ya kidijitali yenye kasoro irekebishwe au ibadilishwe, na ikishindikana bei ipunguzwe, hata yote. Katika Umoja wa Ulaya kuna maelekezo namba 2019/770 kuhusu bidhaa na huduma za kidijitali, yanayotumika tangu tarehe 1 Januari 2022. Itaje sheria kwa jina lake kwenye barua. Huwa inaihamisha barua hiyo kwenda meza nyingine.

Usikimbilie benki kuomba malipo yabatilishwe. Yako maduka yanayoifunga akaunti nzima mteja akifanya hivyo, na kwa fedha ya filamu moja ukapoteza maktaba yote. Iwe njia ya mwisho, baada ya kupata jibu la maandishi la kukataa. Na wakikubali kukurudishia, soma wanakurudishia nini. Wengi huanza na salio la dukani, linalotumika kununua leseni nyingine kwao tu. Waombe fedha irudi ilikotoka, kwenye kadi uliyolipia, na usibonyeze Kubali kwenye salio hilo kabla hawajakujibu.